Kasri za Wakubwa, Njia ya Umma

Historia ya nchi haikuandikwa katika majumba ya wakubwa peke yake. Imeandikwa pia katika njia za udongo zilizokanyagwa na wakulima, wachungaji, wasaga nafaka na watoto waendao shule. Ukweli huo unaonekana dhahiri katika bonde la mto Indre, katikati ya Ufaransa, ambako siku hizi wasafiri hupita kwa baiskeli katika njia za changarawe huku wakizuru kasri za kale. Wengi wao huvutwa na kasri. Lakini kitu chenye thamani kubwa zaidi kwa wananchi wa bonde hilo, na kilicho katika hatari kubwa zaidi ya kupotea, ni njia yenyewe.

Indre ni mto mpole. Urefu wake ni karibu kilomita 280, nao huteremka taratibu kati ya malisho, mashamba na safu za miti mpaka unapoungana na Loire, mto mrefu kuliko yote ya Ufaransa. Kandokando yake vimesimama vinu vya zamani vilivyosaga nafaka kwa nguvu ya maji. Nyumba nyingi za vijijini zimejengwa kwa jiwe jeupe la chokaa, ambalo ndilo lililojenga kasri pia. Katika mji wa Loches uko mnara mkubwa wa mawe wa karne ya 11, kazi ya Foulques Nerra, mtawala wa Anjou, ambaye pia aliweka ngome Montbazon juu ya mto huo huo. Mnara wa Loches baadaye ulifanywa gereza, na uliendelea kuwa gereza hadi mwaka 1926. Cormery yapo mabaki ya monasteri iliyoanzishwa mwaka 791. Saché ndiko alikokuwa akija kuandika Honoré de Balzac, aliyelifanya bonde hili kuwa mandhari ya riwaya yake moja ya mwaka 1836. Na mto unapokaribia mwisho wake ipo Azay-le-Rideau, kasri iliyosimama juu ya kisiwa kana kwamba imeota majini.

Mtu apitaye kwa motokaa kutoka Loches hadi Azay huona kasri mbili na lami iliyo baina yake. Apitaye kwa baiskeli, akishika njia ndogo zilizo mbali na barabara kuu, huona mambo ambayo hayamo katika kitabu cha watalii. Huona jinsi ngome ilivyowekwa mahali pa kutawala kivuko, jinsi kinu kilivyokaa chini ya macho ya ngome, na jinsi njia kutoka kila kitongoji ilivyolazimika kupitia kinuni. Kwa maneno mengine, huona ukabaila ulivyofanya kazi. Mwalimu wa historia anaweza kulieleza jambo hilo darasani kwa muda wa wiki nzima. Njia hulieleza kwa asubuhi moja.

Baiskeli inayotumika kwa safari za namna hiyo ina usukani uliopinda kama ule wa mashindano, lakini tairi zake ni pana, milimita 40 au zaidi, na hutiwa upepo kidogo ili zisirukeruke juu ya mawe. Gia zake ni nyepesi kwa ajili ya vilima. Mchezo huu ulipata jina na umaarufu wake nchini Marekani mwanzoni mwa karne hii, na mwaka 2022 shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli liliuandalia mashindano yake ya kwanza ya ubingwa wa dunia. Msomaji wa Tabora au Shinyanga hatastaajabu sana. Huko baiskeli imezoea udongo na changarawe tangu zamani, ikiwa na gunia la mkaa au madumu ya maji nyuma, wala hakuna aliyeona haja ya kuipa jina jipya. Hata katika Ulaya lami ni ya juzi tu: mbio za kuzunguka Ufaransa zilipoanzishwa mwaka 1903, washindani walikula vumbi kutwa nzima.

Yafaa ikumbukwe vilevile kwamba haki ya mfanyakazi kusafiri kwa ajili ya kuijua nchi yake haikutolewa bure. Nchini Ufaransa ilipatikana mwezi Juni 1936, baada ya migomo mikubwa, wakati serikali ya Léon Blum ilipopitisha sheria ya likizo ya wiki mbili yenye malipo. Kiangazi kile maelfu ya wafanyakazi waliondoka mijini, wengi wao kwa baiskeli, wakaenda kuitazama nchi ambayo jasho lao liliijenga. Kwa hiyo baiskeli iliingia mashambani ikiwa chombo cha mvuja jasho kabla haijawa kipambo cha mwenye nafasi.

Sasa yatazamwe majumba yenyewe, kwa kuwa yana funzo kwa kila mtumishi wa serikali. Kasri ya Azay-le-Rideau, kama inavyoonekana leo, ilianza kujengwa mwaka 1518. Aliyeijenga hakuwa mfalme wala jemadari. Alikuwa Gilles Berthelot, mmoja wa wahazini wa mfalme François wa Kwanza na meya wa mji wa Tours. Mwenzake wa kazi, Thomas Bohier, mkusanyaji wa mapato ya mfalme, alikuwa amekwisha kujenga Chenonceau kando ya mto Cher, si mbali kutoka hapo. Mwaka 1527 mkuu wa fedha za ufalme, Jacques de Beaune wa Semblançay, alinyongwa kwa kosa la kufuja mali ya hazina. Berthelot alipoona hivyo alikimbia, akaiacha kasri haijakamilika, nayo ikatwaliwa na mfalme. Mwaka 1535 mtoto wa Bohier naye alilazimika kuitoa Chenonceau ili kulipa deni ambalo baba yake alidaiwa na hazina.

Wapo wanaosema kwamba mfalme, aliyekuwa amefilisiwa na vita vya Italia, alikuwa akitafuta watu wa kuwabebesha mzigo wake. Huenda ndivyo. Lakini hata wakisemewa vipi, wahazini hao hawakujenga kwa fedha walizochimba shambani. Ile nakshi ya ngazi, yale madirisha ya kutazamia mto, vilitokana na kodi ya mtu yule yule aliyepita chini yake na gunia la ngano begani. Anayesifu uzuri wa Azay bila kuuliza nani alilipa gharama yake anasifu nusu tu ya jengo.

Hata hivyo kasri hizo leo hazina shida kubwa. Serikali ya Ufaransa iliinunua Azay-le-Rideau mwaka 1905, na tangu hapo mwananchi yeyote huingia kwa tiketi mahali ambapo babu yake asingepita getini. Paa likivuja, wapo mafundi. Jiwe likimeguka, ipo bajeti. Mwenye kuhitaji mtetezi ni njia ya changarawe ipitayo nje ya ukuta, ambayo haina tiketi, haina mlinzi, na mara nyingi haina hata kibao.

Katika sheria ya Ufaransa njia za namna hiyo huitwa njia za vijijini. Ni mali ya serikali ya mtaa, nazo ziko wazi kwa watu wote. Ila zina udhaifu mmoja ambao barabara zilizoandikishwa rasmi hazina: zinaweza kuuzwa iwapo imethibitika kwamba hazitumiwi tena na umma, na mtu binafsi anayeikalia mojawapo kwa miaka 30 bila kupingwa anaweza kuidai kuwa yake. Hivyo ndivyo njia nyingi zilivyomezwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mashamba madogo yalipounganishwa ili matrekta yapate nafasi, nyua za miti ziling'olewa na njia zikalimwa pamoja nazo. Zilizobaki humezwa polepole. Mwaka wa kwanza jirani huweka mti wa kuzuia ng'ombe. Mwaka wa tano huweka mnyororo. Mwaka wa kumi hupanda mahindi. Na mtoto aliyezaliwa siku ya mti ule hukua bila kujua kwamba hapo palikuwa na njia.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo ilivyo hasa kwa njia hizi. Sheria ya mwaka 1983 iliziagiza serikali za majimbo madogo kuandaa orodha ya njia za kutembelea, na njia iliyomo katika orodha hiyo haiwezi kuuzwa bila kupatikana nyingine ya kushika nafasi yake. Sheria ya Februari 2022 ilikwenda mbele zaidi: halmashauri ikiamua kuhesabu njia zake, ile saa ya miaka 30 husimamishwa wakati hesabu inafanyika. Silaha, basi, ipo. Lakini Ufaransa ina serikali za mitaa karibu 35,000, nyingi zikiwa ndogo mno, zenye karani mmoja na meya ambaye naye ana shamba lake la kuhudumia. Daftari halijiandiki lenyewe.

Hapa ndipo mwendesha baiskeli anapopata maana iliyo kubwa kuliko starehe yake. Sheria ya Ufaransa inasema kwamba njia huhesabiwa kuwa ya umma inapotumiwa kama mapito ya watu, au halmashauri inapoisimamia mara kwa mara. Kupita ni ushahidi. Kila tairi iachayo alama katika changarawe hutamka kwamba njia hii bado ni ya wote. Mpandaji huenda hana habari. Yeye amekuja kutazama minara na kula mkate na jibini chini ya mti. Lakini asipopita yeye na wenzake, na karani naye asipoandika, mnyororo utafungwa.

Watakuwapo wapinzani, na hoja zao ni za kujibiwa. Wa kwanza watasema kwamba kama njia ina faida, iwekwe lami. Hao wanachanganya maendeleo na lami. Lami huita motokaa, na motokaa huondoa utulivu ambao ndio uliomleta msafiri. Changarawe iliyoshindiliwa vizuri na kuchimbiwa mifereji ya kutolea maji hudumu, nayo humfaa mkulima mwenye trekta sawa na mtoto mwenye baiskeli. Inachohitaji ni matunzo ya kila mwaka, si sherehe ya ufunguzi.

Wa pili watasema kwamba safari hizi ni anasa ya watu wenye fedha, kwa maana baiskeli hizo ni ghali. Ni kweli kwamba zipo za bei ya kutisha. Lakini njia haimuulizi mpitaji bei ya baiskeli yake, na baiskeli ya kawaida yenye tairi nene hupita humo bila taabu. Tena kuna msemo kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenye motokaa hulala mjini penye hoteli kubwa. Mwenye baiskeli huchoka kijijini, na hapo hapo hununua mkate, hutengenezesha gurudumu na kulipia kitanda. Hoja ya anasa ingekuwa na nguvu kama njia zingefungwa kwa ajili ya wageni. Zikiwa wazi kwa mchungaji na mgeni pia, haina mashiko.

Wa tatu ni wakulima wenyewe, na malalamiko yao yasidharauliwe. Mpandaji anayekwenda mbio kati ya ng'ombe, anayeacha geti wazi au kukata kona juu ya mazao, anavunja haki ile ile anayoitegemea. Njia ya wote ina adabu yake, na asiye na adabu hiyo anamtengenezea jirani sababu ya kufunga mnyororo.

Funzo la bonde la Indre ni rahisi kulisema na gumu kulitekeleza. Wahazini wa mfalme walijijengea kasri, na kasri zikawatoka mikononi kabla hawajazifurahia. Mkulima hakuacha jengo lolote lenye jina lake, aliacha njia. Kuitunza njia hiyo hakuhitaji shujaa. Kunahitaji karani aiandike katika daftari, diwani akatae kuiuza kwa rafiki yake, fundi azibue mfereji kabla ya mvua, na mwalimu awatoe wanafunzi darasani angalau siku moja katika muhula wakaipite kwa miguu au kwa baiskeli, ili wawepo mashahidi kwa miaka 30 mingine. Jiwe la kasri likianguka, watu husikia kishindo. Njia ikifa haina kishindo, na ndiyo maana mwenye dhamana ya umma hana budi kuilinda ingali hai.