Lugha ya Kumfunza Mwenye Sindromu ya Down Kujiokoa na Moto

Aghalabu mafunzo ya kujikinga na moto katika nyumba za Afrika Mashariki huishia kwenye amri moja tu: "Usiguse, moto!" Amri hiyo, ambayo kwa watoto walio wengi yatosha, ina kasoro mbili za kiisimu anapoelekezwa mtu mwenye sindromu ya Down.

Kasoro ya kwanza imo katika ukanushi. Tofauti baina ya "uguse" na "usiguse" ni silabi moja, si, nayo haibebi mkazo. Mkazo huangukia gu. Watu wengi wenye hali hii, itokanayo na kromosomu ya 21 ya ziada kama walivyobainisha Jérôme Lejeune na wenzake mwaka 1959, wana upungufu wa usikivu, na kumbukumbu yao ya muda mfupi ya maneno ni dhaifu kuliko ile ya vitu wanavyoviona. Silabi hiyo nyepesi huenda ikawa ya kwanza kupotea.

Kasoro ya pili, iliyo kubwa zaidi, imo katika neno moto lenyewe. Chai ni ya moto, uji ni wa moto, maji ya kuoga ni ya moto. Neno asikialo kila asubuhi kwa maana ya "ngoja kipoe" ndilo hilo hilo ambalo majirani hulipigia ukelele nyumba inapoungua. Si ajabu basi akisimama kungoja.

Amri ifaayo ni ya kutenda, fupi, isiyobadilika: "Toka! Mwembeni!" Mwalimu atangulie, mwanafunzi amfuate, kisha atoke peke yake, zoezi lirudiwe kwa majuma kadhaa katika nyumba anayolala, kwa mlango autumiao, mchana na usiku. Kutambaa chini ya moshi hufunzwa kwa shuka iliyotandazwa kimo cha kiuno, wala si kwa hotuba.

Wapo wanaoshikilia kwamba ni salama zaidi kumweka mbali na jiko kabisa. Hoja hiyo ina huruma ndani yake, lakini imesahau umri. Katika nchi zenye huduma bora, watu hawa leo huishi hadi miaka 60 hivi. Wazazi wengi watawatangulia. Mtu mzima asiyeruhusiwa kamwe kuwasha kibatari hajui pia kukizima, na aliyefunzwa kuogopa tu huenda akajificha uvunguni, mahali ambapo mwokoaji hatamwona kwa moshi.