Goma: ugomvi na mafundi wa maji haumalizwi kasho

Katika kartie za Goma wimbo ni mmoja: fundi wa maji alikula avansi na kutoroka. Mafundi nao wana wimbo wao: mteja alitumikisha mtu siku mbili, kisha akakataa kulipa. Pande zote mbili mara nyingi zinasema kweli. Lakini zinaficha kwamba kazi ilianzishwa kwa mdomo mtupu, bila karatasi wala shahidi.

Avansi ndiyo mzizi. Fundi anaomba pesa za tiyo, robine na kole, mama anazituma kwa simu, halafu anaanza kungoja. Kwa nini azitume? Mwenye kazi aende na fundi mpaka dukani, alipe mwenyewe, fakture ibaki mkononi mwake. Fundi anayekasirika kwa hilo ana sababu yake, na si sababu nzuri.

Goma ina shida nyingine: ardhi ni mawe ya volkano, na kuchimba ni kazi kubwa kuliko kuunganisha tiyo zenyewe. Mteja anayelazimisha bei ndogo bila kutaja kuchimba anajitafutia hasara. Fundi ataiacha tiyo juu ya mawe, chukudu itapita, na ugomvi utaanza. Bei ya kuchimba isemwe peke yake.

Halafu kuna maji yenyewe. Sehemu nyingi hayaji kila siku, na pengine yanakuja usiku. Fundi anamaliza kazi tiyo zikiwa kavu, analipwa zote, anapewa hata chai. Siku tatu baadaye maji yanafika saa tisa za usiku, kiungo kinaachia, nyumba inajaa. Fundi anasema aliacha kila kitu kizima, na nani atamkatalia? Ndiyo maana sehemu ya malipo, hata robo, inapaswa kubaki mpaka maji yapite na viungo vionekane vikavu. Simenti isifunike tiyo kabla ya hapo. Mteja naye, maji yakipita vizuri, alipe siku ileile. Fundi ana watoto, na wengine kati ya mafundi hao ni wahami pia.

Familia za wahami zinazopanga nyumba ndizo zinaumia zaidi. Mwenye nyumba anasema, "Tengenezeni, tutakata kwenye kodi." Mwisho wa mwezi amesahau. Kabla fundi hajagusa kitu, mwenye nyumba aandike bei na asaini mbele ya chefu wa avenyu. Kama hataki kusaini, basi alipe mwenyewe. Na kukawia si jambo dogo: bomba lililopasuka linavuta uchafu wakati maji yanapokatika, na Goma inaijua kolera vizuri tangu 1994.

Kibaya kuliko vyote ni kukimbilia watu wenye silaha. Deni la dola 20 linapelekwa kwa mwenye sare, fundi analala kasho, ndugu zake wanatoa pesa ili atoke, mteja naye ametoa zake ili asikilizwe, na bomba linaendelea kuvuja. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na za kisiasa, ambao Kongo ilijiunga nao mwaka 1976, unakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano. Karatasi moja yenye majina, kazi, bei, siku ya kumaliza na nani atarudi kama kunavuja, ikisomwa mbele ya chefu wa avenyu, ingemaliza neno hilo kwa saa moja.

Na fundi anayejisifu kwamba ataunganisha nyumba na bomba la REGIDESO usiku, bila kontere, asikubaliwe hata akifanya bure. Siku maajenti watakapokuja kukata, watamkuta mwenye nyumba na wapangaji wake. Fundi hatakuwepo.