Gitaa la Bei Poa Lilitaka Kutuvunjia Nyumba

Kila mwezi naanika ya wenzangu, leo zamu yangu.

Mzee wangu alikwenda Mwanza na pesa ya mabati. Karudi hapa Kanazi mabati 12 pungufu, mkononi gitaa la umeme la laki tatu na nusu pamoja na kaspika kake. Jamani! Na mvua za Ngara mnazijua. Sikumgombeza. Nilinuna, na wanawake wenzangu mnajua kipi kinauma zaidi.

Na gitaa lenyewe kituko. Nyuzi ziko juu kama kamba ya kuanikia nguo, vidole vinachubuka. Ncha za vile vyuma vya shingoni zinakwaruza kiganja. Akipiga chini sauti tamu, akipanda katikati ya shingo inapotoka. Wiki mbili tu, akalitundika ukutani. Mtu aliyekuwa akipiga mluzi nyimbo za Mbaraka Mwinshehe kila asubuhi, kimya. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo. "Baba watoto, rahisi ghali," nikamwambia mbele ya wageni.

Basi nikatafuta mteja. Nikamwita kijana anayepigia kwaya. Akalielekeza usoni, akachungulia shingo kama fundi seremala anavyochungulia ubao, akasema, "Mama, msiuze hili."

Akakaa barazani saa nzima. Kwa kispana kidogo akakaza kile chuma kilichomo ndani ya shingo, robo mzunguko tu, shingo ikanyooka. Akashusha nyuzi. Akapiga tupa zile ncha; kumbe mbao zikikauka zinasinyaa, vyuma vinachomoza. Halafu akasogeza vitandiko vya nyuzi mpaka chuma cha 12 kikatoa sauti ileile ya uzi mtupu, ila ya juu. Akafunga nyuzi mpya, nyembamba.

Akanifafanulia kwamba siku hizi mashine za kompyuta ndizo zinazokata mbao, kwa hiyo shingo ya bei poa haiachani sana na ya bei mbaya. Kinachopunguzwa ni saa za fundi wa mwisho. Hata Fender wa Marekani tangu 1982 wanatumia jina la Squier kwa mifuko kama yetu. Hakunificha pia: zile funguo za kukazia zitaendelea kulegea, na spika itavuma akikaa karibu na taa. Kweli, kila wimbo wa pili anakaza upya.

Usiku ule sikulala mapema. Alipiga taratibu, mgongo kanipa, kwa sababu yale maneno ya mbele ya wageni bado yalikuwa yanamkaa rohoni. Nikamwomba radhi. Ilinichukua nyimbo tatu.

Ila mabati namdai, mapenzi hayazuii mvua. Juzi kapiga kwenye harusi, kaniletea hela ya mawili. Bado 10.