Tatizo si weusi wako, ni flashi

Mwenzenu nilipotea kidogo, mitihani ilinibana. Leo nina dukuduku.

Rafiki yangu mmoja alikwenda kupiga picha za mahafali. Zilipotoka, paji la uso linang'aa kama sufuria, macho hayaonekani, nyuma giza tupu. Kulalamika, mpiga picha akamjibu: "Dada, wewe mweusi mno, kamera ifanyeje?" Akalipa, akaondoka. Usiku akaniambia hapigi tena picha mpaka amalize chuo. Jamani, iliniuma.

Ngozi nyeusi haina kosa. Kosa ni flashi (si ile ya kubebea asaimenti!) iliyokaa juu ya kamera na kumtazama mtu usoni. Taa ndogo vile inaacha doa jeupe kwenye paji na pua. Na kwa kuwa mwanga unatoka upande uleule wa kamera, vivuli vinavyoonyesha umbo la uso vinapotea. Halafu wale wa fizikia mnajua: umbali ukizidi mara 2, mwanga unabaki robo. Ndiyo maana nyuma kuna giza.

Basi nikaazima flashi ya kutenganishwa na kamera. Jirani akaishika pembeni, akaielekeza kwenye shuka jeupe tulilotundika. Ukuta wetu ni wa bluu, ungempaka bluu usoni. Shuka ndilo likawa taa, kubwa na laini. Nikashusha spidi ya shata kutoka 1/200 hadi 1/30 ili mwanga wa chumba nao uingie. Ule wa flashi haubadiliki, maana yenyewe inawaka na kuzima fasta.

Picha ya kwanza alinyamaza. Ya tatu akasema, "Hii namtumia mama."

Kesho yake tukapiga hereni za shanga anazouza. Flashi tukaiweka chini, ubavuni, kila shanga ikaonekana na kivuli chake. Upande wa pili tukasimamisha manila nyeupe iliyobaki kwenye zana za kufundishia, ili vivuli visiwe vizito.

Sisi tunaosomea ualimu tujifunze hapa. Kumwambia mtoto ana kichwa kigumu kabla hujabadilisha namna ya kufundisha ni yaleyale ya yule mpiga picha.

Siku ukiambiwa weusi wako ndio tatizo, mwambie ageuze flashi. Akikataa, ondoka na hela yako.

Nawasilisha. Mnasemaje?