Gishe imefungwa, funguo ziko kwa nani?



Kila ninapopita njiani, mutu ananisimamisha na ulizo lile lile: "Wewe mutu wa redio, tuambie basi, ni nani alifunga benki?" Wengine wanauliza kwa hasira. Wengine wananipima tu, wanataka kujua niko upande gani. Leo nitajibu kwa maandishi, ju kwa redio dakika tatu hazitoshi, na ju neno la redio mutu anaweza kulikata katikati na kulitembeza nusu.

Jibu langu ni hili. Gishe za benki za Goma na Bukavu zilifungwa kwa uamuzi wa upande wa Kinshasa, na zilifungwa ju upande wa AFC/M23 uliingia katika miji hiyo na bunduki. Jibu hilo liko na vipande viwili. Mukubwa wa upande wowote akisimama mbele ya mikro anakupa kipande kimoja, kingine anakiacha mufukoni. Ukisikia mutu anakupa kipande kimoja tu, ujue hayuko anakupasha habari, anatafuta umusaidie kubeba lawama mpaka kwenye mulango wa mwingine.

Tukumbushane tarehe. Goma ilichukuliwa mwisho wa mwezi wa kwanza, 2025. Kwetu hapa, uwanja wa ndege wa Kavumu ulichukuliwa tarehe 14 mwezi wa pili, na tarehe 16 Bukavu yote ilikuwa mikononi mwao. Tangu siku hiyo mpaka katikati ya mwezi wa kumi na moja 2025, benki hazikufunguka, tribinali hazikusimama, ndege haikutua. Hizo ni zaidi ya siku 270. Nani anazihesabu?

Nauliza hivyo ju kuna pahali wanahesabu. Munajua huko Marekani serkali yao nayo ilifungwa, kuanzia tarehe 1 mwezi wa kumi mpaka tarehe 12 mwezi wa kumi na moja 2025. Siku 43, na wakati huo wenyewe walisema haikuwa imetokea muda murefu hivyo tangu nchi yao iwepo. Vyama viwili vyao havikusikilizana juu ya bajeti na juu ya musaada wa kulipia asiransi ya matunzo ya wagonjwa. Wafanyakazi wanaoongoza ndege wakabaki wanafanya kazi bila mushahara, na musaada wa chakula kwa familia maskini ukayumba. Na wanasiasa wao walifanya sawa vile wetu: kila upande ulikaa unapiga hesabu, raia wakiumia watamulaumu nani? Kama watamulaumu yule mwingine, basi tungoje kidogo, waumie kidogo tena.

Lakini muangalie tofauti. Kule kuna sheria ya 2019 inayosema kwamba gishe ikifunguka, mufanyakazi wa serkali kuu analipwa siku zote alizokosa. Kule luninga iliandika hesabu ya siku kila asubuhi. Na kule ilifungwa kwa kukosa kura, haikufungwa kwa risasi. Mwalimu wa Kabare hana mutu anayemuhesabia siku, na sijasikia mukubwa yeyote, wa Kinshasa wala wa huku, akisema wazi: siku mambo yatatengenea, mutalipwa miezi yenu yote.

Sasa tuanzie Kinshasa, ju Kinshasa njo serkali, na serkali njo inaulizwa wa kwanza.

Hoja yao naielewa. Wanasema benki haiwezi kufanya kazi pahali watu wenye silaha wanasimama mulangoni, feza ya taifa itaingia katika vita. Si hoja ya kuchekwa. Mutu yeyote aliyeona maduka yanavyovunjwa Bukavu siku zile za mwezi wa pili anajua sanduku la feza lingeishia wapi. Lakini hoja hiyo ilikuwa nzuri kwa wiki ya kwanza, tuseme hata mwezi wa kwanza. Miezi tisa baadaye imekuwa kitu kingine. Imekuwa hesabu: tukiwakazia watu wa Goma na Bukavu, watawachoka wale waliowatawala kwa nguvu.

Na hesabu hiyo imewapa nini? Mwenye kuwa na konti Bukavu leo anavuka Ruzizi, anaenda Kamembe, Rwanda, kutoa feza yake. Watu wa Goma nao wanavuka Gisenyi. Serkali inasema kila siku kwamba Rwanda njo iko nyuma ya vita hii, halafu inatuma mwalimu wake na munganga wake kupanga mustari Rwanda, kuacha komisyo Rwanda, kula chakula cha saa sita Rwanda, kabla ya kurudi na franka zilizobaki. Kama huo ndio mupango wa kumukaba adui, basi adui anakabwa akicheka.

Tena mwezi wa tatu tuliambiwa mushahara wa askari na polisi umeongezwa mara mbili. Sina neno baya juu ya hiyo, askari aliye kwenye mustari wa vita anastahili kula. Lakini mwalimu aliyebaki na watoto 60 katika darasa lenye madirisha ya mbao, chini ya utawala ambao hakuuchagua, yeye alikimbia kazi? Kuna wanaoona mushahara kwenye simu, na wakienda kuutoa kwa kambisti anakata sehemu yake anavyotaka, na noti iliyochanika kidogo hakuna muuzaji anaipokea. Kuna wanaouona kwenye konti, lakini konti iko ng'ambo ya mupaka. Na kuna wasioona kitu.

Haya, sasa upande wa huku. Hapa naandika polepole, munaelewa sababu.

AFC/M23 wanasema Kinshasa imeamua kuwaua watu kwa njaa kwa kufunga benki. Kwenye gishe, nimeshasema, uamuzi ulikuwa wa Kinshasa. Lakini mutu anayesema yeye njo utawala, anayeweka gavana, anayeweka wakubwa wa kata, anayewaita watu kwenye salongo siku ya posho, anayepokea kodi kwenye mupaka, hawezi kugeuka siku ya mushahara na kusema: mushahara muulize Kinshasa. Utawala hauwezi kuwa wako kwenye bariere na kuwa wa mwingine kwenye gishe. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwishoni mwa 2024 kwamba kwa koltani ya Rubaya pekee M23 ilikuwa inakusanya dola 800 000 hivi kila mwezi. Rubaya pekee, na kabla ya Goma, kabla ya Bukavu, kabla ya mipaka yote hii. Tarehe 7 mwezi wa nne walifungua CADECO Goma kwa sherehe na picha. Picha tuliziona. Sijakutana na mwalimu hapa Kabare aliyelipwa na picha hizo.

Na uwanja wa Kavumu? Watoto wa Lwiro walizoea kutaja ndege kwa mulio. Tarehe 30 mwezi wa kumi, kule Paris, Rais Macron alisema uwanja wa Goma utafunguliwa kwa ndege za musaada. Kinshasa ikashangilia, AFC/M23 ikasema haikuulizwa. Katikati ya mwezi wa kumi na moja 2025, dawa ilikuwa bado inazunguka kwa barabara na kwa mashua. Hapo ufunguo hauko Kinshasa, uko kwa yule mwenye askari kwenye uwanja. Sitakubali aniambie habari ya benki iliyofungwa akiwa amekalia uwanja wa ndege.

(Na ndugu zetu Wazalendo, nanyi musijifiche nyuma ya hawa wawili. Mama anayetoka na muhogo wake sokoni akakuta bariere, haoni tofauti ya nguo.)

Watu wengine watasema: mutu wa redio anataka kufananisha wote, lawama nusu kwa nusu. Hapana. Aliyeanzisha vita na aliyeshindwa kulinda raia hawana kosa moja, na siku ya hukumu itafika, hata kama sijui ni tribinali gani. Lakini mushahara wa mwezi huu na dawa ya wiki hii haviwezi kungojea hukumu hiyo. Kwa hiyo ulizo la "nani ana kosa" naliweka kando leo, nauliza: nani ana ufunguo gani?

Wamama wa hapa watanielewa haraka. Sanduku la AVEC liko na kufuli tatu, na funguo ziko kwa wamama watatu wa nyumba tatu. Siku ya kikao mumoja asipofika, sanduku halifunguke. Je, wale wawili wanakaa saa nzima kusemea yule asiyefika, huku mwenye mutoto mugonjwa anangojea mukopo? Wanatuma mutoto akimbie kumuita. Akikataa kuja bila sababu, siku hiyo hiyo kikundi kizima kinamujua.

Na wasituambie haiwezekane. Mwisho wa mwezi wa nne 2025, Msalaba Mwekundu wa kimataifa ulisindikiza mamia ya askari na polisi wa serkali, waliokuwa wamejificha kwenye kambi za MONUSCO Goma, pamoja na familia zao, mpaka Kinshasa. Kinshasa ilikubali, AFC/M23 ikakubali, MONUSCO ikakubali, magari yakapita. Watoto wetu nao walifanya Exetat mwaka 2025, masomo yakiulizwa na Kinshasa, vyumba vikiwa chini ya AFC/M23. Karatasi za mutihani zilipita mustari wa vita na matokeo yakarudi! Kama askari anapita na karatasi ya mutihani inapita, ni kwa nini mushahara wa munganga haupite?

Jibu langu: askari waliokwama walikuwa aibu kwa pande zote mbili, na mutihani ukifutwa mwaka mzima wa wazazi ungepotea kwa kelele. Lakini mwalimu mwenye njaa hana kelele. Anakopa unga, anaenda kulima shamba la mwingine asubuhi kabla ya darasa, na kimya chake kinawafaa wote wawili. Kinshasa inasema: muone watu wanavyoteswa na M23. M23 inasema: muone watu wanavyoachwa na Kinshasa. Njaa moja, na kila mumoja anaifanya picha yake.

Kwa nyinyi mulio wakimbizi wa ndani, mambo ni mabaya zaidi, ju hamukuwa na mushahara wa kungojea. Mulikuwa na musaada. Mwaka 2024 Marekani ilitoa karibu sehemu 70 kwa 100 ya feza zote za musaada katika nchi yetu, na tarehe 20 mwezi wa kwanza 2025 rais wao mupya akasimamisha musaada wa nje. Wiki tatu hivi baadaye waliokuwa katika kambi za Goma wakaambiwa na M23 warudi kwao katika siku tatu. Wengine wenu mulipita mule mule. Sasa munalala kwa mwalimu asiyelipwa. Familia ya watu saba imekuwa ya watu kumi na tano, bugali ni ile ile. Nimesikia mama mumoja wa Nyabibwe akimuambia mwenye nyumba yake, "Dada, sisi tulikuja na vita yetu, sasa tunakula hata mushahara usiokuja." Walicheka wote wawili. Mimi sikuweza.

Tarehe 15 mwezi wa kumi na moja 2025, Doha, pande mbili zilisaini mupango wenye vipande nane. Kimoja ni cha njia za musaada, kingine ni cha kurudisha utawala wa serkali. Siku hiyo vipande vingi vilikuwa bado havijazungumuzwa mpaka mwisho. Kwa hiyo wakati wa kupiga kelele ni sasa. Kwa Kinshasa: mulipe kila mufanyakazi kwa simu au kupitia Caritas, iliyozoea kazi hiyo ya kulipa walimu wa vijijini tangu miaka mingi, na muandike kwenye karatasi kwamba miezi iliyokosekana italipwa. Kwa AFC/M23: feza hiyo ikifika isiguswe, isikatwe, isiombwe "muchango", na Kavumu ifunguliwe kwa dawa. Kwa wale wanaokaa katikati, Qatar na wengine: muulize habari ya mushahara kabla ya kuuliza habari ya madini.

Siku ya nne ya wiki hii, mwalimu ninayemujua, jirani, ataenda Bukavu na moto, kisha avuke Kamembe akaangalie kama mwezi wa tisa umeingia. Feza ya moto amekopa kwa AVEC ya bibi yake. Nimemuomba anipigie akifika kwenye mashine, hata kama hakuna kitu.