Bia na Zabibu Katika Pipa Moja

Je, msomaji, nikikuambia kuna watu wanaotumbukiza zabibu nyekundu za mvinyo ndani ya bia, utasema mwandishi amelewa? Hebu nivumilie, maana bia yenyewe si hii uliyoizoea.

Huitwa lambiki, na kwao ni Brussels, Ubelgiji, na bonde la mto Senne. Hupikwa kwa kimea cha shayiri pamoja na ngano isiyomeshwa, kisha maji yake yaliyochemka humiminwa katika karai pana lililoko darini, yakapoe humo usiku kucha. Hamira haitiwi! Chachu ya hewani hushuka yenyewe, kama vile mnazi wetu wa Pwani unavyochacha bila kuombwa na mtu. Asubuhi hutiwa katika mapipa ya mwaloni, na huko hukaa hata miaka mitatu. Ladha yake ni ya ukali wa kukunja uso.

Hapo ndipo zabibu huingia. Kiwanda cha Cantillon, kilichoanzishwa mwaka wa 1900 mtaani Anderlecht, hutia zabibu za Merlot katika lambiki iliyokwisha kukomaa, na bia hiyo huitwa Saint Lamvinus. Sukari ya zabibu huiamsha chachu iliyosinzia, pipa likaanza kutoa povu upya. Maganda nayo hutoa wekundu na ule ukakasi ukaushao ulimi. Si bia, si mvinyo! (Wanafunzi, nyinyi someni kemia yake tu, chupa iacheni.)

Lakini karai lile lahitaji usiku wa baridi, aghalabu chini ya digrii 8. Kukiwa na joto, vijidudu waharibifu huitangulia chachu njema, na kazi yote humwagwa. Zamani familia hiyo ilipika tangu Oktoba hadi Mei, msimu umepungua. Novemba 2015 usiku ulikataa kupoa, na mpishi Jean Van Roy akalazimika kusitisha kazi huku mapipa yakisubiri.

Utauliza, si apoze kwa mashine? Angeweza. Ila maji yakipoa ndani ya mabomba yaliyofungwa, chachu ya hewani itapitia wapi? Haitakuwa lambiki tena, na hizo zabibu za Merlot zitatiwa katika nini?