Ugumu wa Piano si Kasi Peke Yake

Wapenzi wa piano wana ubishi usiokwisha: katika tungo kubwa za karne ya 19, upi ni mgumu zaidi? Wengi hukimbilia kutaja Islamey ya Balakirev, Mrusi. Wachache hutaja Balada ya nne ya Chopin, Mpolandi. Mimi ni katika hao wachache.

Hapana shaka Islamey yatisha. Jina lake ni la ngoma ya Wakabarda, Waislamu wa milima ya Kaukazi, ambako Balakirev alisafiri akisikiliza muziki wa wenyeji. Katikati yake mna wimbo wa Kitatari. Aliitunga mwaka 1869, na mwaka huo huo Nikolai Rubinstein akaipiga hadharani. Sauti moja hurudiwa upesi kwa vidole vinavyopokezana, na mikono huruka huku na huko bila kupumzika. Balakirev mwenyewe, fundi wa kutajika, alikiri kuwa zimo sehemu zilizomshinda. Mfaransa Ravel, alipotunga Gaspard de la nuit mwaka 1908, alikusudia kuipita kwa ugumu.

Lakini ugumu wa namna hiyo, kwa sehemu kubwa, dawa yake ni mazoezi na subira. Balada, iliyotungwa mwaka 1842, huanza kwa upole, hata mwanafunzi akadhani ameiweza. Kumbe! Wimbo ule ule hurudi mara kwa mara, kila mara umevaa vazi jingine. Mahali pengine sauti hufuatana, moja ikianza kabla ya mwenzake kumaliza, na mpigaji lazima azitenge ili kila moja isikike. Karibu na mwisho huja kimya kifupi na sauti chache za taratibu, kisha dhoruba kali humkuta mpigaji amekwisha choka.

Nayasema haya kwa ajili ya vijana wanaojifunza. Wakiambiwa kipimo ni kasi, watavunja vidole wakitafuta makofi, na masikio yao yatabaki nyuma. Mwalimu anayempa mwanafunzi utungo kwa sababu ya sifa ya ugumu wake tu anamdhulumu.

Sisi watu wa pwani jambo hili si geni kwetu. Fundi wa udi hasifiwi kwa wingi wa sauti anazomwaga, bali kwa kujua ipi aiache. Basi tukiulizwa upi mgumu, kwanza tuulize: mgumu kwa vidole, au kwa moyo na akili? Vidole hufunzwa kwa miezi. Hivyo viwili vingine hutaka umri.